Mwalimu wa Viti Vilivyolegea

Siku fundi Muthama alipomtia mwalimu Wakiuru machoni kwa mara ya kwanza, mwalimu huyo alikuwa amepiga magoti kwenye maranda akichungulia chini ya meza ya useremala, na chini ya meza kulikuwa na mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa Javan wa Gredi ya Saba. Alikuwa amemvunja mwenzake jino wakati wa mapumziko, akakimbia, akazunguka nyuma ya vyoo na kujitoma ndani ya karakana ya shule. Muthama hakumfukuza. Hakumuuliza chochote pia. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu avuke barabara asije akalazimika kusalimia kundi la watu, na mtoto anayelia alimtia hofu kuliko mwizi. Alichofanya ni kumpa kipande cha msasa na mguu wa stuli, kisha akarudi kwenye randa yake. Javan akaingia chini ya meza na kuanza kusugua.

"Niaje, Javan," mwalimu alisema akiwa pale chini.

Mtoto alishtuka. Walimu hawasemi niaje.

"Poa."

"Huo mguu utaisha ukiusugua hivyo. Fundi, una msasa mwingine?"

Muthama alimnyooshea huku akitazama kando. Mwalimu alikuwa na sketi ya kijivu, mpya, sketi ya mtu aliyeanza kazi Jumatatu ileile, na alikaa nayo chini kwenye maranda, akachukua mguu mwingine, akaanza kusugua. Wakasugua wote wawili kwa muda wa somo zima karibu. Hapo ndipo Javan, bila kuulizwa na mtu, alipoanza kueleza jinsi yule mwenye jino alivyomwita mtoto wa chang'aa mbele ya darasa, kwa sababu mama yake aliuza pombe hiyo haramu. Alieleza mpaka kamasi zikamtoka. Muthama alijifanya anatafuta misumari.

Javan alipokwenda kunawa uso, mwalimu alisimama akajikung'uta.

"Fundi, unaitwa nani?"

"Muthama."

"Mimi ni Kate Wakiuru. Nimepewa masomo ya jamii na ya dini, vipindi ishirini na saba kwa wiki. Halafu mwalimu mkuu akaniongezea ushauri nasaha, kwa sababu wengine wote waliukataa." Alicheka kidogo. "Chumba sina. Nimewekewa kiti kwenye pembe ya stafrumu. Sasa ni mtoto gani atakuja kulia pale, walimu wakinywa chai wakimwangalia?"

Muthama hakujua kama alikuwa anaulizwa yeye.

"Wewe unasikia vizuri, fundi?"

"Nasikia, mwalimu."

"Na unaweza kuacha kusikia?"

Muthama alifikiri. "Naweza kupiga randa."

"Basi nimepata chumba," mwalimu alisema.

Kabla ya hapo Muthama alikuwa amefanya kazi ya mbao miaka kumi na minane kwenye kiwanda kimoja cha samani huko Industrial Area, mpaka kikafungwa. Shule hii ya Kayole, iliyoko nyuma ya soko si mbali na Spine Road, ilimchukua wakati watoto wa sekondari msingi walipoletwa ghafla kukaa pamoja na wa shule ya msingi na viti havikutosha. Viti vya Gredi ya Saba hadi ya Tisa vyote alivitengeneza yeye. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nane, na mbele ya mwalimu mkuu yeyote alirudi kuwa mtoto wa darasa la nne, mikono nyuma, macho chini.

Wiki za kwanza hakuna aliyekuja. Karakana ilikuwa mahali pa wazi, na aliyeingia alionekana na uwanja mzima. Javan alirudi mara mbili tu.

"Oya, Javan ametoka kwa clinic!" wenzake walimpigia kelele. "Kwani umechizi?"

"Ati wanamsugua kichwa na msasa!"

Mwalimu Wakiuru alisikia yote hayo akiwa dirishani. Siku iliyofuata alikuja karakana na swali.

"Baba Mumo," alisema, maana alikuwa ameshaulizia jina la mtoto wake, "ni nani anaweza kuingia humu bila mtu kumcheka?"

"Mwenye kiti kibovu."

"Basi mtoto akitaka kuongea, kiti chake kiwe kibovu."

Muthama aliweka randa chini. "Wavunje viti, mwalimu?"

"Wasivunje. Vilegee tu."

Ilimchukua Muthama wiki nzima. Alichukua viti darasa moja baada ya jingine, na mguu mmoja wa nyuma wa kila kiti, ambao ulikuwa umeshikwa kwa gundi na msumari, akaufunga upya kwa kabari ndogo ya mbao ya mkaratusi, ndogo kama kidole cha mtoto. Kabari hiyo ukiivuta inatoka, na mguu unaanza kucheza. Ukiigonga irudi, kiti kinakaa imara kama zamani. Mwalimu naye aliwaambia wanafunzi wake, kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza habari za maji: kiti kikilegea, kipelekwe kwa fundi wakati wowote, hata katikati ya somo, naye atapita kukitazama; anayetaka kuongea aivute kabari mwenyewe aje nayo ngumini. Viti vya Kayole vilikuwa vinalegea kweli kila siku, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika fulani amekwenda kutengenezewa kiti na fulani amekwenda kulia. Tofauti aliijua Muthama peke yake. Aliyekuja na kiti tu, kiti chake kilitengenezwa papo hapo. Aliyekuja na kabari kwenye ngumi alipewa msasa, na Muthama alitundika kitambaa chekundu kwenye msumari wa dirisha, ambapo mwalimu angekiona kutoka darasa lolote.

Sharti lilikuwa moja, na mwalimu alilirudia mara tatu.

"Usiigonge kabari kabla sijaongea na mwenyewe, Baba Mumo. Mtoto akirudishiwa kiti kizima, hana tena sababu ya kubaki hapa. Ataondoka, na hatarudi."

"Nimeelewa, mwalimu."

Walianza kuja. Walikuja mmoja mmoja, viti vichwani, ngumi zimefungwa. Mwalimu Wakiuru hakuwauliza kitu. Aliketi chini, akasugua, akasubiri. Wengine walisema siku ya kwanza. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuja wiki tatu mfululizo, akasugua miguu minne ya stuli bila kutoa hata neno moja, na wiki ya nne akasema, "Mwalimu, usiku sisi ni sita na kitanda ni kimoja, na mimi ndiye hulala chini." Kisha akachukua kiti chake akaenda. Hilo ndilo alilokuwa amelibeba wiki tatu.

Muthama alipiga randa, lakini masikio hayana mlango. Alisikia habari za watoto waliosoma na njaa, wasichana walioanza siku zao bila mtu wa kuwaambia kitu, wavulana waliotumwa na kaka zao wakubwa kubeba vitu wasivyojua ni nini. Alirudi nyumbani, mke wake akamuuliza mbona hali chakula, akasema amechoka.

Siku moja baba wa mtoto fulani alikuja akifoka tangu langoni.

"Wewe ndiye unafundisha watoto kutoa siri za nyumba?"

"Karibu uketi, baba," alisema mwalimu.

"Siketi! Mimi sijaja kuketi!"

"Basi nitasimama na mimi."

Yule mtu alitazama huku na huku, akaona amesimamiwa na mwanamke mdogo aliyejaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, akavuta kiti kilichokuwa karibu na kujitupa juu yake kwa hasira. Kilikuwa kiti kisicho na kabari. Mguu ulitoka, baba mtu akaenda chali, na Muthama akamdaka kwapani kabla kichwa hakijafika sakafuni. Kisha yule baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na baada ya kucheka akakaa chini kwenye maranda na kuongea kwa saa nzima: kuhusu kazi ya mjengo iliyokwisha, kuhusu mkono wake usioweza kutulia akifika nyumbani. Aliondoka akimshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu alifurahi siku ile mpaka akamnunulia Muthama mandazi.

Wiki mbili baadaye mtoto wa yule baba alirudi karakana, kabari mkononi, jicho limevimba.

"Unajua, Baba Mumo," mwalimu alisema jioni hiyo akiwa bado amekaa chini, watoto wote wameshaondoka, "mimi nawasikiliza. Halafu kengele inalia, wanarudi kulekule."

Muthama alimpa msasa mpya.

Haikuwa kilio tu. Javan hakupigana tena mwaka ule wote, na alipoingia Gredi ya Nane alichaguliwa kuwa kiranja. Alikuja kumwonyesha mwalimu beji akiwa amejaribu sana kutotabasamu. "Ni kitu kidogo tu, madam," alisema. Mwalimu aliichukua ile beji, akaitazama mbele na nyuma kana kwamba ni ya dhahabu, akamrudishia, kisha akatoka nje kwa haraka. Muthama alimwona kupitia dirishani akijipangusa macho kwa ukingo wa sweta.

Nthoki alikuwa darasa moja na Javan. Msichana mrefu, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri. Kiti chake kilikuwa na namba 8B 17 kwa rangi ya buluu. Alikuwa Mkamba kama Muthama, na mara ya kwanza Muthama alipomsalimia kwa Kikamba alimjibu kwa Kiswahili, macho chini, na Muthama akamwelewa kabisa, kwa sababu yeye pia angefanya hivyo.

Mama yake alikuwa ameenda kufanya kazi Uarabuni. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, kisha mara moja kwa mwezi, kisha ikawa kimya. Nthoki aliishi na mama yake mdogo kwenye moja ya zile ghorofa zilizobanana nyuma ya stendi. Huyo mama mdogo alikuwa na jamaa yake huko Namanga, mpakani, mwenye hoteli na watoto pacha wachanga, na jamaa huyo alitaka msichana wa kazi.

"Ati nitasoma huko," Nthoki alisema akisugua. "Hakuna kusoma, mwalimu. Kuna mwingine alienda kabla yangu, alikuwa Gredi ya Sita. Hadi leo anaosha sufuria."

"Watakupeleka lini?"

"Hawasemi. Nikiingia wananyamaza."

Mwalimu Wakiuru alimwita mama mdogo shuleni. Alikuja, mpole, kitambaa safi kichwani, akakana kila kitu. Mtoto anaota, alisema. Mwalimu alikwenda kwa chifu, akaenda kwa afisa wa watoto, akakaa kwenye foleni siku mbili. Walimsikiliza vizuri. Lakini watoto husafiri na jamaa zao kila siku, walisema, na bila kujua ni lini na ni wapi hakuna wa kuzuiwa. Ukijua siku, tupigie. Tutakuwa kwenye gari kabla halijaondoka.

Alirudi akamwambia Nthoki mbele ya Muthama, polepole, kama mtu anayemfunza mtoto kuvuka barabara kubwa.

"Siku ukijua ni lini, usingoje mapumziko. Usingoje kengele. Toa kabari ulete kiti. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hata kama ni mtihani."

"Nimesikia, mwalimu."

Baada ya hapo Muthama alikuwa akitazama mlango kila mara kivuli kilipopita.

Mwezi wa sita, siku ya Jumatano jioni, ilikuja barua kwamba walimu wa sekondari msingi watume mmoja kwenye semina ya mtaala mjini, Alhamisi na Ijumaa. Alitumwa Wakiuru. Alipita karakana akiwa na mkoba begani, akachukua penseli ya Muthama na kuandika namba yake ya simu kwenye kipande cha plaiwudi, herufi kubwa.

"Akija mtu, akae. Nipigie. Hata nikiwa ndani nitatoka."

"Sawa, mwalimu."

"Utanipigia kweli, Baba Mumo?"

"Nitapiga."

Alhamisi, saa nne kasoro, kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa Nthoki, kiti kichwani. Alikitua, mguu wa nyuma ukaning'inia. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefungwa.

"Mwalimu yuko?"

"Hayuko. Ameenda semina."

Uso wa msichana ulibadilika. Muthama alimpa msasa. Akaupeleka mkono wake kwenye kile kitambaa chekundu kabla hajakumbuka kwamba hakuna wa kukiona, lakini alikitundika vilevile.

"Ngoja," alisema. "Kuna namba."

Alitoa simu, akainua kile kipande cha plaiwudi, akaanza kupanga maneno. Hakuwahi kumpigia mwalimu simu. Atasema nini kwanza? Habari ya semina. Hapana, hiyo ni kama kumchokoza. Samahani kukusumbua, mwalimu. Na kama atapokea mtu mwingine? Kidole chake kilikuwa juu ya tarakimu ya tatu mlango ulipofunikwa na watu wawili. Alikuwa mwalimu mkuu, Bwana Gachanja, na mgeni mwenye suti na faili, mkaguzi.

"Na hii ndiyo karakana yetu," mwalimu mkuu alikuwa akisema. Akamwona Nthoki. "Wewe! Si hiki ni kipindi cha hesabu? Fundi, huyu anafanya nini hapa?"

Simu iliingia mfukoni yenyewe. "Kiti," alisema Muthama.

"Kiti kina nini?" Bwana Gachanja alikishika, akakitikisa, akainama kutazama, na akacheka kwa ajili ya mgeni. "Si ni kabari tu imetoka! Kazi ya nusu dakika. Kabari iko wapi?"

Nthoki hakumtazama mwalimu mkuu, wala mgeni. Alimtazama Muthama.

Maneno yalikuwepo. Muthama aliyasikia ndani ya kichwa chake yote yakiwa yamepangwa sawasawa: mwalimu, huyu mtoto ana jambo na mwalimu Wakiuru, naomba abaki kidogo. Mgeni alikuwa akitazama saa.

"Fundi, mbona unanitazama? Weka, arudi darasani."

Muthama alinyoosha mkono. Nthoki alifungua ngumi na kumpa kabari kiganjani. Ilikuwa ya moto, imelowa jasho. Muthama aliiweka kwenye tundu lake na kuigonga mara mbili.

"Safi," alisema Bwana Gachanja.

"Asante, fundi," alisema Nthoki, kama alivyofundishwa. Akakibeba kiti chake kichwani na kutoka. Wakubwa wakaendelea kwenda jikoni.

Muthama alisema moyoni atapiga simu sasa hivi. Kisha akasema atapiga saa ya chakula, mwalimu atakuwa ametoka. Saa ya chakula akawaza kwamba anakula na wakubwa. Mkaguzi hakuondoka mpaka saa tisa. Saa kumi kamili, kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, alikwenda darasa la 8B. Palikuwa patupu. Kiti nambari kumi na saba kilikuwa mahali pake, imara.

Saa kumi na moja alipiga. Simu iliita mara moja, akaikata.

Mwalimu alimpigia papo hapo.

"Baba Mumo, umenipigia? Kuko salama?"

"Kuko salama, mwalimu."

"Hakuna aliyekuja?"

Muthama hakuwahi kuwa mwongo. "Alikuja Nthoki. Lakini kiti kimekuwa sawa."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za magari, kisha sauti ya mwalimu, ndogo sana.

"Uliigonga?"

"Mwalimu mkuu alisema."

"Alikuja saa ngapi?"

"Saa nne kasoro."

"Nakuja."

Alifika saa kumi na mbili na nusu, viatu vya semina mkononi, miguu kwenye malapa. Walikwenda pamoja mpaka kwa mama mdogo wa Nthoki. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili mama mmoja, Phelister, alikuwa akianua nguo.

"Mnatafuta wale? Wameondoka. Wamepita hapa saa kumi na moja kasoro. Yule msichana alikuwa bado na yunifomu. Hata nikamuuliza, kwani unaenda shule na begi mbili?"

"Alisema nini?" mwalimu aliuliza.

"Aliniambia tu nimsalimie mwalimu."

Mlango ulikuwa na kufuli. Mwalimu Wakiuru aliligusa lile kufuli, akaliacha. Simu ya mama mdogo haikupatikana, na haikupatikana kesho yake wala keshokutwa. Mama mdogo aliporudi baada ya siku nne, alifungua mlango kwa upole uleule. Mtoto yuko kwa jamaa, alisema, anaendelea vizuri, kuna shida gani? Afisa wa watoto aliandika kila kitu na kusema wenzake wa Namanga watafuatilia. Jumamosi moja mwalimu alipanda basi akaenda mwenyewe. Alirudi Jumapili, na Jumatatu Muthama alimngoja aseme, akaambiwa tu kwamba Namanga kuna joto na hoteli ni nyingi.

Mwalimu hakumlaumu hata mara moja. Muthama alitamani alaumiwe. Alipanga maneno ya kuomba msamaha wiki tatu, na siku moja akafika nayo mpaka mlango wa stafrumu, akasimama pale na nyundo mkononi mpaka mwalimu mmoja akamwuliza anatengeneza nini, akasema hakuna, akarudi. Mwalimu Wakiuru alimfuata karakana.

"Baba Mumo, hata mimi nilikwenda semina," alisema. Akachukua msasa.

Viti viliendelea kuja. Siku moja kilikuja kile cha Nthoki, amekibeba Javan.

"Wametoa jina lake kwa rejista, fundi. Kuna msee mpya anataka kukaa hapo, nikamwambia hiki kimeharibika."

"Hakijaharibika."

"Najua," alisema Javan. Akakiweka chini na kutoka.

Muthama alikitundika ukutani, juu ya meza.

Mwisho wa muhula wa pili barua ya mwalimu Wakiuru ilikuja. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na amepewa shule nyingine, Laikipia. Siku ya kufunga shule watoto walimwimbia kwenye uwanja, wengine wakalia, na mwalimu mkuu alitoa hotuba ndefu akimsifu kwa kupunguza uharibifu wa viti. Ilipofika mchana alikuja karakana na boksi la vitabu. Alikuwa na sketi ya kijivu ileile, imechujuka sasa. Aliketi chini, akachukua mguu wa stuli.

"Nani atapokea viti?" Muthama aliuliza. Kwake lilikuwa swali refu.

"Mwalimu mkuu amesema atapanga mtu."

"Atakuja kukaa hapa?"

"Sijui, Baba Mumo. Huenda akataka ofisi."

Walisugua. Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za likizo. Muthama aliona kwamba asiposema leo hatasema tena.

"Mwalimu, siku ile..."

"Najua."

"Maneno nilikuwa nayo."

"Najua, Baba Mumo. Wote wanaokuja hapa huwa wanayo."

Alisimama, akajikung'uta, akainua boksi lake. Muthama alitaka kumpokea ambebee mpaka langoni, lakini alikataa kwa kichwa. Mlangoni aligeuka. Hakumtazama Muthama, alitazama ukuta wa juu ya meza, pale kiti nambari kumi na saba kilipotundikwa, miguu yake minne imenyooka.

"Kile cha Nthoki kitoe kabari," alisema. "Akirudi akikute kimelegea."